Ilitakiwa iwe jela

Saa kumi na mbili na dakika arubaini asubuhi, mzee wa Kizungu na mkewe waliteremka ngazi wakaja kusimama mbele ya meza yangu ya mapokezi. Wamevaa kofia za jua, wameshika taulo, viatu vya kuingilia majini vinaning'inia mkobani. Mzee akasema taratibu kabisa, wala hakupandisha sauti: "We were supposed to be picked up at six."

Nikafungua daftari. Jina lao lipo: safari ya Kizimkazi kutazama pomboo, saa sita ya Kizungu. Nilifurahi kuona habari zinalingana, nikamjibu kwa tabasamu lote nililofundishwa: "Yes sir, at six. No problem."

Mzee alinikodolea macho kama mtu aliyesalimiwa na paka. Akatazama saa yake ya mkononi, akanitazama tena. Mkewe akaona huruma, sijui kwangu au kwa mumewe, akasema: "But it's twenty to seven."

Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka.

Nilikuwa na mwezi wa pili tu kazini, katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe ambayo haina haja ya kutajwa. Na nataka nieleweke: kila neno la yule mzee nilikuwa nalijua. Kiingereza shuleni sikuwa wa mwisho. "Were", nalijua. "Supposed", mwalimu alitwambia ni kutakiwa. "Picked up", kuchukuliwa. Six ni saa kumi na mbili yetu. Nilivyoyaweka pamoja kichwani yakatoa sentensi safi isiyo na kasoro: tulitakiwa tuchukuliwe saa kumi na mbili. Nikaona mgeni ananieleza ratiba yake, nami nikamthibitishia ratiba yake. Sikujua kuwa nimelalamikiwa.

Gari lenyewe lilikuja, lakini lilikuja saa sita mchana, jua la utosi. Mwenzangu wa zamu iliyopita alikuwa amemwandikia dereva kikaratasi "Kizimkazi saa 6", na dereva akasoma kama asomavyo Mswahili yeyote. Alifika gari limeoshwa linang'aa, anauliza wageni wako wapi, na pomboo walikuwa wameshakwenda zao tangu asubuhi. Balaa hilo la saa kila aliyefanya kazi ya utalii Unguja limemkuta angalau mara moja, na linatosha kuwa simulizi peke yake. Mimi lililonikaa rohoni ni lile jibu langu la "no problem".

Jioni nilimsimulia mzee wetu wa zamu ya usiku. Sote tukimwita Ami. Ujana wake aliumalizia baharini, kwenye meli za mizigo, na Kiingereza chake alikiokota sitahani na bandarini. Kauli ya kutendwa hakuwa akiijua kwa jina na sidhani kama angejali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia:

"Skiza mwanangu. Mzungu akikwambia 'supposed', usingoje amalize. Jua kuna jambo halikuwa."

"Lakini Ami, hajasema kama gari halijaja."

"Ameshasema. Kwani angesema vipi tena?"

Nililala na neno hilo. Shuleni kauli hii ya Kiingereza tulifundishwa kama mchezo wa kugeuza nguo. Unapewa sentensi, simba amemla mbuzi, unaambiwa uiandike upya ukianza na mbuzi: "The goat was eaten by the lion." Simba anahamia nyuma, anatanguliziwa "by", kitenzi kinavishwa "was", unapata alama mbili. Tuligeuza mbuzi na simba mpaka mtihani ukaisha. Hakuna aliyetwambia kwamba Waingereza wenyewe simba wanamwacha nje mara nyingi kuliko wanavyomtaja, na kwamba kuna sentensi za mtindo huo ambazo simba hana hata mahali pa kukaa. "Supposed to" ni mojawapo. Kiswahili kinaniruhusu niseme natakiwa na mkuu wangu nifike saa mbili, mkuu akaonekana. Kwa Kiingereza nikisema "I'm supposed by my boss to come at eight", watu watanielewa, ila watatazamana. Anayekutaka uje hatajwi. Amri imo na mwenye amri hayumo.

Kilichoniudhi zaidi nilipokaa kufikiri ni kwamba lugha yangu mwenyewe ilikuwa na kitu hichohicho siku zote. Mama akikwambia usiku, "Wewe ulitakiwa uwe umeshalala saa hizi," hujibu "ndiyo mama, hakuna tatizo". Unakimbia. Fundi akikwambia "kabati lilitakiwa liwe tayari jana", huna haja ya kuuliza kama liko tayari. Na tazama umbo la maneno yenyewe: kutakiwa, kupaswa, yote ni ya kutendwa, yanatokana na kutaka na kupasa, kama vile "supposed" inavyotokana na "suppose". Waingereza na sisi tumefikia kisima kimoja kwa njia tofauti. Basi kwa nini masikio yangu hayakusikia? Nadhani ni kwa sababu Kiingereza cha darasani kilinipa maana ya maneno lakini hakikunipa mdomo wa mtu. Ulitakiwa ya mama ilikuwa na jicho la mama nyuma yake. "Supposed" ya kwenye daftari ilikuwa na mstari wa wino mwekundu tu.

Tangu siku ile nikaanza kusikiliza kinachotangulia. "I'm supposed to be at the airport at three." Hapa jambo bado liko wazi, huenda likawa, huenda lisiwe, na msemaji anakupa nafasi ya kumsaidia. "I was supposed to be at the airport at three." Hapa inuka, tafuta simu, maana ndege huenda imesharuka. Neno moja tu limebadilika, "am" limekuwa "was", na mambo yametoka kwenye mpango yakaingia kwenye msiba. Nisizidishe lakini: wapo wanaosema "was supposed to" na jambo likawa limefanyika vilevile. Ila kwa mtu wa mapokezi, akichukulia kuwa limeharibika, mara nyingi atakuwa amepatia.

Nikajiona nimeshaijua. Basi nikaanza kuitumia, na hapo nikaharibu upya.

Mgeni mmoja alipiga simu kutoka chumbani kuuliza taulo. Mhudumu alikuwa amepitiwa. Nikamjibu kwa adabu, nikiona hata fahari kwa sentensi yangu ilivyokaa sawa kisarufi: "Madam, your towels were supposed to be changed this morning." Kimya. Kisha akasema: "Well, yes. So why weren't they?" Mimi nilikusudia kumpa habari, kwamba jambo lake linajulikana na lina utaratibu. Yeye alisikia mtu anayemkumbusha haki yake bila ya kumpa, na juu ya hayo anajitoa lawamani. Hakuna aliyekosea, taulo tu zilitakiwa zibadilishwe. Na nani? Sentensi haisemi. Kwa hiyo maneno yaleyale, mdomoni mwa mgeni ni malalamiko ya mtu mwenye heshima asiyetaka kumtaja mkosaji, na mdomoni mwa mhudumu ni mkosaji anayejificha nyuma ya mlango.

Ami alipolisikia la taulo hakucheka. Alisema tu, "Ungemwambia nazileta. Basi." Nami tangu hapo nikiwa nimesimama upande wa mwenye kudaiwa, nasema "I'll bring them now", mtendaji ni mimi na anaonekana waziwazi. Ile nyingine nawaachia wageni waitumie, ni haki yao.

Baada ya miaka michache niliiacha hoteli nikaingia kwenye kutembeza wageni. Nina kitambulisho, kwa hiyo sipendi kuitwa papasi, yaani mtembeza wageni asiye na kibali, ingawa nikiwa Forodhani na fulana yangu, tofauti hawaioni wengi. Na njia yangu ya kila siku, mbali na vichochoro vya mjini, ni boti ya kwenda Changuu, kama nusu saa kutoka pwani ya mji, kisiwa ambacho vibao vyote vya utalii vinakiita Prison Island.

Sasa huko Changuu ndiko nilikolikuta lile neno limekaa nyumbani kwake. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikichukua kisiwa akajenga jela. Kuta zimesimama hadi leo, za mawe ya matumbawe, na mgeni akiziona anaanza mwenyewe kuwahurumia wafungwa. Wafungwa hawakuwahi kutiwa. Jengo likaja kuwa karantini, watu wakiwekwa huko kwa hofu ya homa ya manjano. Miaka mingi nilihangaika namna ya kulieleza hili. Nilikuwa nasema "It was a prison but there were no prisoners", watu wanachanganyikiwa. Nikajaribu "They wanted to make a prison but they did not", wanauliza kuta hizi basi ni za nini. Siku moja, boti inakaribia, mgeni ameuliza, nami bila kupanga nikasema: "It was supposed to be a prison."

"Ah," akasema. Na wenzake wote wakaitikia kwa kichwa. Maneno saba, na ndani yake kuna Mathews, kuna nia, kuna ujenzi, na kuna mlango ambao haukufungwa kwa mtu. Nilitamani Ami angekuwepo ndani ya boti.

Kisiwa hichohicho kilinifundisha na upande wa pili, ule wa kukataza. Kuna kobe wakubwa pale, asili yao visiwa vya Aldabra. Wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi. Wageni wanapewa majani wawalishe, wanawakuna shingo, wanapiga picha. Kuwapanda ni marufuku. Sasa nilikuwa na familia yenye mtoto wa miaka sita au saba hivi, mtoto anazunguka nyuma ya kobe mmoja na nia imeshaandikwa usoni mwake. Sikutaka kumkaripia mtoto wa watu. Nikatafuta Kiingereza cha upole, nikamwambia: "You don't have to sit on the tortoise."

Mtoto akanitazama. Akajibu, "I know. But I want to." Akapanda.

Baba yake alimshusha, akacheka, akaniambia mimi kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwokotea mwenzake kalamu: "You mean he's not supposed to."

Nimelifikiria kosa hili mara nyingi kwa sababu Kiswahili changu kisingelifanya. Si lazima ukae juu ya kobe ni jambo moja, hutakiwi kukaa juu ya kobe ni jambo jingine, na hakuna Mswahili atakayezichanganya. Ukiitazama kwa makini, hutakiwi ingeweza kumaanisha kwamba hakuna anayekutaka ufanye hivyo, fanya ukipenda. Lakini haimaanishi hivyo. Sisi tunaisikia inatakiwa usifanye. Ukanushi umekaa kwenye kutakiwa, lakini kazi yake unaifanya mbele, kwenye kukaa. Na "not supposed to" inafanya mzunguko huohuo hatua kwa hatua: "not" imesimama karibu na "supposed", inachokikataza ni "sit". Ingetosha nitafsiri kwa mdomo wa nyumbani. Badala yake nilikwenda kuazima "don't have to", ambayo ni si lazima, kwa sababu tu ilikuwa na sauti laini.

Ni laini kweli, na ndiyo hatari yake. Nimeona walinzi milangoni wakiwaambia wageni "You are not supposed to enter", na wageni wanarudi nyuma bila kinyongo, maana hawajazuiwa na mlinzi, wamezuiwa na utaratibu ambao haujulikani unaishi wapi. Mlinzi mwingine anasema "Don't enter!" na ugomvi unaanza palepale. Kwa kukataza, kumbe, kule kumficha mwenye amri kunafaa kuliko kulivyonifaa mimi kwenye taulo.

Kobe wale wameandikwa umri magambani kwa rangi. Kuna namba zinazidi 150. Mgeni mmoja, bibi mtu mzima, aliinama akaisoma, akauliza: "And this one is supposed to be how old?" Nikamsomea namba. Akatabasamu tabasamu la pembeni. Nilihitaji siku kadhaa kulielewa tabasamu lile. Hapo "supposed" haina kutakiwa ndani yake kabisa. Hakuna aliyemtaka kobe awe na miaka hiyo. Maana yake ni ati. Ati huyu ana miaka mingapi? Bibi alikuwa anauliza namba huku akiweka wazi kuwa hajaamua kuiamini.

Somo hilo nililipia Mkunazini. Kanisa kuu la Waanglikana limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na ujenzi ukaanza wakati huohuo. Ndani yuko Askofu Edward Steere, amezikwa nyuma ya madhabahu, yuleyule aliyekaa akakiandikia Kiswahili chetu sarufi ili Waingereza wajifunze. Nikipita pale huwa najiuliza kama naye aliwahi kukaa na Mzanzibari mmoja akamcheka. Basi madhabahu yenyewe inasemekana ipo pale uliposimama mti ambao watumwa walikuwa wakifungwa na kuchapwa. Nilikuwa na kikundi cha Wamarekani, wengi wao weusi, na hakuna mahali katika mji huu pazito kama hapo kwa watu hao. Nikasema, kwa sauti ya chini inayostahiki: "This is supposed to be the place where the slaves were whipped."

Mama mmoja akainua uso. "Supposed to be? You don't believe it?"

Sikuwa nimekusudia hivyo. Nilitaka kusema inasemekana, na ulimi ukachukua chombo ambacho mkono umekizoea. Lakini yeye alisikia ati. Alisikia kijana wa Kizanzibari amesimama juu ya damu za mababu zake na kusema ati hapa ndipo. Nikaomba radhi, nikalirekebisha: "It is said to be the place." Akaitikia kwa kichwa, lakini siku ile hakunisemesha tena mpaka tulipoagana.

Tangu hapo nina vyombo viwili na sivichanganyi. Nikiwa sina uhakika lakini naheshimu kilichosemwa, "is said to". Nikiwa nacheka kidogo, kama kwenye umri wa kobe, "is supposed to". Na nikiwa najua, nasema tu. Soko la watumwa lilikuwepo hapa. Hapo sihitaji mlango wowote wa kujificha.

Hiyo "is said to" nayo ina shingo ngumu kwa Mswahili. Sisi tunaanza na inasemekana, kisha tunamwacha kila mtu mahali pake: inasemekana aliishi nyumba hii. Tena sikiliza lilivyo neno letu, halikuchukua ile -wa ya kutendwa, lina -kana, kana kwamba maneno yamesemeka yenyewe na upepo. Kiingereza kinamnyakua mhusika katikati ya sentensi na kumpandisha mwanzoni: "He is said to have lived here." Nilipokuwa nawaonesha watu nyumba za mwimbaji Freddie Mercury huko Shangani, na nyumba zinazodai jina lake si moja, nilikuwa nasema "He is said that he lived here", nusu ya Kiingereza na nusu ya Kiswahili zimefungwa kamba moja. Mwalimu mstaafu kutoka Scotland alinivumilia siku nzima kisha akaniambia chagua: ama "It is said that he lived here" ama "He is said to have lived here". Ile ya kwanza ni inasemekana yetu yenyewe na inatosha kwa kila kitu, kwa hiyo anayeanza namshauri aishike hiyo. Ila ile ya pili inamtia mgeni hamu, kwa sababu mtu anatangulia. Na kuzaliwa kwake Unguja mwaka 1946 hakuhitaji lolote katika hayo, "he was born here", kauli ya kutendwa ambayo Waingereza wenyewe wameshasahau kuwa ni ya kutendwa, kama sisi na alizaliwa.

Kuna kosa jingine ambalo ni la kwetu hasa na nalisikia kila siku kwa wenzangu, hata kwa wakubwa zangu kazini: "The accident was happened." "The building was collapsed." Linatoka wapi? Nahisi ni kwa sababu tumefundishwa kuwa kitu kisichojifanyia lazima kivishwe "was". Lakini sisi nyumbani tunatenganisha vizuri sana: jengo limebomolewa, kuna mtu na nyundo, jengo limebomoka, hakuna mtu. Kiingereza hakina -ka yetu. Badala yake kina vitenzi ambavyo vimezaliwa nayo tumboni, "collapse", "happen", "fall", na ukivivisha "was" umevivisha kanzu juu ya kanzu.

Naweza kulisema hili kwa utulivu sasa, lakini nililijua vizuri siku ya 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lile ambalo kila picha ya mji kutoka baharini lilikuwa katikati yake. Watu wawili walikufa. Lilikuwa linakarabatiwa wakati ule. Kwa wiki kadhaa wageni waliokuwa na safari zao, na hata wale waliorudi makwao, walinitumia ujumbe kuuliza. Nikakaa na simu nikiandika sentensi moja, nafuta, naandika. "It was being restored when it collapsed." Hii ndiyo niliyoituma. Ya mwanzo ina "was being", ya kutendwa, maana kuna watu waliokuwa wanafanya kazi ile. Ya mwisho haina kitu, imesimama peke yake, maana jumba liliporomoka. Kisha mmoja akanijibu kwa neno ambalo nilikuwa nalikwepa: "It was supposed to be saved." Sikumjibu siku ile.

Kuhusu maandishi sina mengi. Mdomoni ile "d" haisikiki, inamezwa na "t" inayoifuata, mtu anasikia "sapostu". Ndiyo maana wageni wenyewe, wenye lugha yao, wananitumia ujumbe wameandika "suppose to". Ukiliona usidhani ni sarufi mpya, wala usiwaige. Na vijana wetu nao wameshalichukua mzimamzima, "nilikuwa supposed kuja", hasa wakitoka Dar. Wazee wanachukia. Mimi nashangaa tu kwamba wameacha nilitakiwa nije, ambalo ni fupi zaidi, wakaazima la watu lenye kazi ileile.

Juzi nilikuwa na wageni wanne wa Changuu, ahadi yetu saa tatu asubuhi ufukweni Shangani. Saa tatu na robo, boti yetu haijaja. Mmoja wao, kijana mwenye ndevu, akaja pembeni yangu mikono mfukoni. Nilimwona anavyonijia nikajua neno gani liko njiani, basi nikamtangulia:

"The boat was supposed to be here at nine."

Akasimama. Akanitazama, kisha akaanza kucheka. "But?"

Nikamwonesha kidole. Lilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali, na boti yetu imelala ubavu juu ya mchanga, nahodha amekaa kwenye ukingo wake anakula muhogo wa kuchemsha, anangoja bahari.